Msaada: nimeambiwa niandae listi ya vifaa vya kupimia na vya usalama, kiwanda cha sukari chenye distilari, nianzie wapi?

kijana_wa_lupu
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni injinia wa instrumenti, bado mgeni kazini, niko kiwanda kimoja cha sukari huku mikoani ambacho pembeni kina distilari, yaani molasi inachachushwa kwenye matangi halafu inapikwa inatoka spiriti. Sasa bosi kaniita kaniambia niandae listi ya vifaa vya kupimia na vya usalama kwa kitengo chetu, tuko wachache, mimi na mateknishani watatu. Bajeti ipo ila sio ya kutisha na kasema kila kitu kiwe na sababu yake maana watu wa manunuzi watamuuliza yeye sio mimi.

Mpaka sasa nimeandika: maltimita nne (nimeziona Kariakoo za bei poa tu na zimeandikwa 1000V kabisa), klampmita moja, kifaa cha kupima gesi nne kimoja, prosesi kalibreta moja ile kubwa inayofanya kila kitu, geji moja ya presha ya 0 mpaka bar 40 iwe ya kulinganishia geji zote kuanzia boila mpaka hewa ya instrumenti, glavu za umeme, kofia ngumu, miwani, buti na ovaroli. Halafu kuna transmita ya levo (ya kupima kimo cha kilichomo) ya tangi la molasi imekufa natakiwa niagize nyingine, tangi lina kimo cha mita 8, nimepiga hesabu nikapata kPa 78 hivi nikasema niagize ya 0 mpaka 100 nibaki na nafasi.

Kipi kianze kipi kisubiri, na nikifika kwa sapulaya niulize nini ili nisiuziwe mbuzi kwenye gunia? Kuna mzee wetu hapa kazini, namheshimu sana, ananiambia hayo mambo ya CAT na Ex, zile alama za usalama kwenye vifaa, ni ya kuongezea bei tu.

pembeni_tu
Ngoja waje. Mimi nipo hapa na chai yangu nasoma.

babu_wa_paneli
Kijana marahaba hata kama hukunisalimia. Una bahati ya bosi anayetaka sababu, wengi wanataka bei tu.

Nianze na maltimita. Hiyo 1000V iliyoandikwa kwa herufi kubwa achana nayo kwanza, angalia pale chini kwenye matundu ya kuchomekea waya imeandikwa CAT ngapi, yaani daraja la mita kuhimili umeme unaoruka. Umeme wa kiwandani una tabia ya kuruka, mota kubwa ikikatwa au radi ikipiga kwenye laini volti zinapanda mpaka elfu kadhaa na kushuka kufumba na kufumbua, na mita ikiwa mkononi mwako wakati huo ndio utajua imetengenezwaje ndani. Mita ya CAT III 600V inajaribiwa kwa mpigo wa volti 6000. Sasa sikia hii, mita ya CAT II 1000V nayo inajaribiwa kwa 6000 hizo hizo, kwa hiyo mtu akisoma 1000 anaona amepata kubwa zaidi, lakini mpigo wa CAT II unapitishwa kwenye ohm 12 na wa CAT III kwenye ohm 2 tu. Gawanya mwenyewe, huku ampia 500 kule ampia 3000. Ndio maana CAT II ni ya vitu vya kuchomeka kwenye soketi, paneli zenu za 400V na MCC (kabati za kuendeshea mota) ni CAT III, na pale umeme unapoingilia kutoka kwenye transfoma ni CAT IV. Wewe omba CAT III 1000V / CAT IV 600V umalize mjadala. Na waya zake ziwe na CAT hiyo hiyo, watu wananunua mita nzuri halafu wanafunga waya za buku tano.

Cha pili fungua mgongo uangalie fyuzi. Ukikuta kafyuzi ka kioo kameandikwa 250V, funga, rudisha, sema asante. Nyinyi watu wa instrumenti kutwa mnapima miliampia za 4-20, ile ishara ya umeme inayotoka kwenye transmita, waya unakaa kwenye tundu la mA, baadaye mtu anaitwa haraka aangalie kama mota ina umeme, anasahau kuhamisha waya anagusisha kwenye 400V. Hapo mita imegeuka kipande cha waya, ni shoti tupu. Fyuzi ya HRC, ile ya kukata mkondo mkubwa, ya 1000V inakata ndani kwa ndani, ya kioo inapasuka na moto unaendelea kupita kwenye mvuke wa chuma chake. Fluke 87V kwa mfano ina mbili za namna hiyo, moja ya mA 440 na moja ya ampia 11, zote za 1000V, na bei ya fyuzi peke yake ndio itakuonyesha kwa nini mita ya Kariakoo ni rahisi. Sikulazimishi chapa hiyo, zipo nyingine nzuri, tena hiyo hiyo feki zake zimejaa, nunua kwa wakala anayetoa risiti na cheti chenye namba ya mita.

Kama hela haitoshi kwa nne nunua mbili. Ziwe true RMS, zinazosoma kweli hata mawimbi ya umeme yakiharibika, maana najua mna VFD, vile vidhibiti kasi vya mota, humo.

fundi_gerezani
Babu unamtisha dogo bure. Mimi hii mita yangu ya elfu 40 mwaka wa ngapi huu naitumia na mkono ninao wote miwili.

babu_wa_paneli
Unapimia nini? Kama ni bodi za friji na power supply za redio endelea nayo, inakutosha kabisa. Ila usiende nayo kwenye busbar ya mtu.

fundi_gerezani
Bodi za tv mara nyingi. Haya nimekuelewa mzee.

msee_wa_fementa
Niaje watu wa TZ. Mimi niko Kenya, kiwanda cha pombe, na gas detectors zote za hapa ni mimi nazishughulikia kwa hivyo naongelea hapo tu, mambo ya mita babu amemaliza.

Boss hiyo kitu ya gesi nne umeandika, unajua ni gesi gani hizo nne? Ni oksijeni, gesi za kulipuka yaani LEL, H2S (ile ya harufu ya mayai yaliyooza) na CO (ile ya moshi). Sasa wewe uko na fementa, hayo matangi ya kuchachushia. Kwa fementa kitu inaua watu ni CO2, na CO2 haimo kwa hizo nne. Hapo ndio watu wengi wanachanganyikiwa, wanaona CO wanafikiri ni ile ile. Wengine wanasema ooh sensa ya oksijeni itashika, kwa sababu CO2 ikijaa oksijeni inashuka. Hebu tufanye hiyo hesabu. Hewa ya kawaida iko na oksijeni 20.9%, alamu ya chini imewekwa 19.5%. Ili CO2 isukume oksijeni kutoka 20.9 mpaka 19.5 inafaa iwe imefika karibu 6.7% ya hewa yote. Na kiwango cha CO2 ambacho kinahesabika ni hatari ya papo hapo kwa maisha ni 4%, ppm 40,000. Kiwango cha kufanyia kazi masaa nane ni ppm 5,000 pekee, nusu asilimia. Kwa hivyo wakati hiyo alamu ya oksijeni inaanza kulia, mtu ako chini kitambo. Mita inaonyesha 19.8, kila mtu anasema iko sawa, na hewa yenyewe iko na CO2 zaidi ya 5%.

Itisha detector ya gesi tano ama ubadilishe sensa moja iwekwe ya CO2, hizo huwa za infraredi. Usitoe H2S, nyinyi mko na mabwawa ya maji machafu ya distilari na hiyo ikikaa bila hewa inatoa H2S mob, tena pua inazoea harufu haraka sana, usiamini pua. CO labda ndio ya kutoa kama sapulaya anasema nafasi ni nne tu, lakini uliza kwanza watu wa boila kama wataitumia.

LEL nayo iko na mambo yake. Zile sensa za kawaida zinachoma gesi kwa kashanga kadogo ndani, kwa hivyo zinahitaji oksijeni ndio zifanye kazi. Ndani ya tangi limejaa CO2 itakusomea sifuri na tangi liko na mvuke wa spiriti. Soma oksijeni kwanza, kisha LEL, huo mpangilio si mapambo. Pili zinakuja zimekalibretiwa kwa methani, na kwa ethanol, hiyo spiriti yenu, zinasoma chini ya ukweli, kwa hivyo uliza sapulaya fakta (namba ya kuzidishia) ya ethanol ya hiyo modeli ni ngapi, asipojua tafuta mwingine. Na mtu asipige spray ya silikoni karibu nayo, inaua sensa na haikwambii imekufa, inaendelea kuonyesha 0 tu. Ndio sababu ya bampu testi kila siku kabla ya kuitumia, unaipulizia gesi ya silinda uone kama inalia. Silinda na regulator yake mara nyingi hazikuji na kifaa, ongeza kwa listi.

kijana_wa_lupu
Duh. Shikamoo babu, samahani. Na kaka wa Kenya asante sana, hii ya CO2 kweli sikuiwaza na sapulaya mwenyewe aliniambia gesi nne ndio "standadi ya viwanda vyote".

Swali dogo, maltimita hiyo nzuri ya CAT III naruhusiwa kuingia nayo kule kwenye stoo ya spiriti na juu ya matangi? Maana transmita nyingi ziko huko.

babu_wa_paneli
Hapana, na hapo ndipo mzee wenu wa kazini anapochanganya mambo mawili. CAT inamlinda aliyeshika mita asiunguzwe na umeme, Ex inazuia mita isiwashe hewa. Mita inaweza kuwa na CAT IV na bado ikatoa cheche ya kutosha kabisa kuwasha mvuke.

Spiriti inaanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 13 hivi, kwa hiyo huku kwetu usiku na mchana, masika na kiangazi, iko tayari. Ikifika 3.3% ya hewa inawaka. Muulize mtu wa usalama mchoro wa zoni za distilari, yaani maeneo yenye hatari ya mlipuko, lazima uwepo: ndani ya tangi juu ya kimiminika ni zoni 0, kwenye matundu ya kupumulia ya tangi kwa kawaida zoni 1, na eneo la kuzunguka hapo zoni 2. Asipokuwa nao hiyo ndio iwe namba moja kwenye listi yako na haina gharama ya kifaa.

Ethanol ni kundi la gesi la IIB, daraja la joto T2. Kwa hiyo kifaa kilichoandikwa Ex ia IIC T4 (ia ni chenye umeme mdogo usiotosha kuwasha mvuke) kinakutosha na kubaki, IIC inafunika IIB na T4 maana yake uso wake hauzidi nyuzi 135. Kilichoandikwa IIA usikipokee hata kama ni zawadi. Hii ihusu detector, tochi, redio za upepo, na simu za mkononi, ndio, simu, hao mateknishani wako wanapanda juu ya tangi na simu mfukoni. Maltimita za Ex zipo ila ni ghali, kwa kitengo kidogo mara nyingi mnapimia kwenye kabati la kontroo rumu, na ikibidi kupima uwanjani mnaomba kibali cha kazi, mnapima gesi kwanza na mnaendelea kupima muda wote mita ya kawaida ikiwa imefunguliwa pale.

Na transmita ikiwa Ex ia lazima kule kabatini kuwe na barrier au isolator yake, ya kuzuia umeme mkubwa usipite kwenda uwanjani. Wengine wanaagiza transmita ya Ex ia wanaifunga moja kwa moja kwenye kadi ya PLC, ile kompyuta ya kuendeshea mtambo. Hiyo sio Ex tena, ni transmita ya bei kubwa tu.

dada_wa_vipimo
Mdogo wangu pole na majukumu. Mimi niko upande wa ugezi, yaani kalibresheni, nitasema machache kwenye vitu ambavyo wengine wameviruka.

Transmita ya molasi kwanza, kabla hujatuma oda. Hiyo kPa 78 umeipata kwa uzito wa maji. Molasi ina densiti ya kama 1.4, kwa hiyo mita 8 ni 8 x 1.4 x 9.81, kPa 110. Ukiweka ya 0-100 tangi likifika mita 7.3 transmita imeshagonga 20 mA, juu ya hapo opereta haoni kitu, na kitu kinachomwagika ni molasi, mtaiosha wiki nzima. Agiza yenye uwezo wa kPa 250 halafu uiseti mwenyewe 0 mpaka 110, kama hilo tangi liko wazi juu. Na usiunganishe kwa kibomba chembamba, molasi itaziba, omba diaframu bapa inayokaa usawa na ukuta wa tangi. Mwambie sapulaya densiti na joto kwenye barua ya kuulizia bei, asikuuzie tu kwa kusoma "level transmitter". Tangi la spiriti mkilifanyia hesabu hiyo hiyo densiti ni 0.79, inarudi chini ya maji.

Geji ya kulinganishia. Wazo la moja kwa kila sehemu litakuangusha. Geji yako ya kawaida ya hewa ya instrumenti tuseme ni 0-10 bar daraja 1.0, yaani inaruhusiwa kukosea bar 0.1. Ya kuipimia inatakiwa iwe bora mara nne, ikosee 0.025. Sasa geji ya 0-40 hata ikiwa daraja zuri la 0.25 makosa yake ni 0.25% ya 40, ambayo ni bar 0.1 ile ile. Unapima kipofu kwa kipofu. Chukua mbili, moja ya 0-10 na moja ya 0-40 za kidijiti, na pampu nzuri ya mkono. Kwenye hizo geji za kufunga kwenye mtambo zenyewe, chagua presha ya kazi ikae katikati ya uso, theluthi ya kwanza mpaka ya pili, na za stimu zisifungwe bila saifoni, ile bomba iliyojikunja, stimu ikigusa geji moja kwa moja unaiua.

Kalibreta kubwa mimi ningeiacha kwa sasa. Ni nzuri sana, ila bei yake inakula kila kitu kingine na nusu ya uwezo wake hamtaugusa mwaka huu. Kalibreta ndogo ya lupu (saketi ya hizo mA 4-20) inayotoa na kusoma mA na kutoa 24V, pamoja na resista ya ohm 250 kwa ajili ya HART, mawasiliano ya kidijiti kwenye waya huo huo, inafanya kazi nyingi za kila siku. PT100, ile sensa ya joto, unaweza kuiga kwa boksi la resista tu, ohm 100 ni nyuzi 0, ohm 138.5 ni nyuzi 100, ukaona kama kosa liko kwenye sensa au kwenye transmita. Hela iliyobaki iende kwenye detector za gesi, na ziwe mbili sio moja, maana moja itakuwa imepelekwa ugezi siku mnayoihitaji.

Halafu cheti. Stika ya "calibrated" sio cheti. Cheti kina namba ya kifaa, kina usomaji kwenye pointi kadhaa, kina uncertainty, yaani kiasi cha shaka cha kipimo, na maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha maabara za vipimo, kwa kipimo hicho hicho, sio kwa kingine. TBS wana maabara ya vipimo, na ukitafuta nyingine Tanzania uliza kama SADCAS, watoa ithibati wa nchi za SADC, wameithibitisha, wenzetu Kenya wanaangalia KENAS wa kwao. Mizani ya miwa pale getini usiiguse wewe, hiyo ni ya biashara, ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

fundi_gerezani
Dada hapo kwenye "kipofu kwa kipofu" umenimaliza 😂

kijana_wa_lupu
Dada shukrani sana, oda ya transmita ilikuwa iende kesho asubuhi, nimeipigia simu sasa hivi isimame.

Nimebadilisha listi: maltimita mbili za CAT III 1000V / CAT IV 600V, detector mbili zenye O2, LEL, H2S na CO2 zikiwa Ex ia IIC T4, silinda ya kujaribia na regulator, kalibreta ndogo ya lupu, pampu ya mkono na geji mbili za kidijiti, tochi na redio za Ex. Kwenye glavu na ovaroli kuna la kuangalia au ninunue tu?

babu_wa_paneli
Glavu za mpira za umeme daraja 0, hizo ni mpaka 1000V AC, na juu yake unavaa za ngozi, bila za ngozi zinatoboka na bisibisi siku ya kwanza. Kabla ya kuvaa unazikunja unazijaza hewa unasikiliza kama inavuja. Zinatakiwa zirudi kupimwa kwa umeme kila miezi sita, kwa hiyo usinunue pea kumi zikakaa stoo, nunua za saizi za watu wenyewe. Ovaroli ya pamba au ya kuzuia moto, polista inayeyuka inagandia kwenye ngozi. Ongeza kufuli za kufungia breka, zile swichi kubwa za umeme, ili zisiwashwe mtu akiwa kazini, kila mtu na yake na ufunguo wake mmoja, ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote ulivyoandika. Na usikubali mateknishani wakatwe hela ya vifaa vya kujikinga kwenye mshahara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri avitoe yeye.

msee_wa_fementa
Umesema detector mbili. Ziko na pampu ndani ama ni zile za kuning'iniza kwa kifua tu?

kijana_wa_lupu
Za kuning'iniza, za pampu bei imeruka sana.

msee_wa_fementa
Moja lazima iwe ya pampu boss. Mtu hawezi ingia tangi ndio apime, anapima akiwa nje, anateremsha mpira kutoka juu. CO2 ni nzito kuliko hewa inalala chini, kwa hivyo unasoma juu, katikati, na chini kabisa, na chini ndio inakuambia ukweli. Huo mpira wa kwa boksi huwa mfupi, pima fementa zenu ziko na kimo gani uagize wa kufika sakafuni. Mpira mrefu unachelewesha hewa kufika kwa sensa, kwa manual wameandika usubiri sekunde ngapi kwa kila mita, alafu unaongeza muda wa sensa yenyewe kutulia. Yule wa kushika mpira ndio asimame na saa. Fementa zenu ni mita ngapi?

kijana_wa_lupu
Kesho nikiingia shifti napanda kupima, narudi hapa na jibu.